Machi 1987: Mwezi TV Ilitufunza Kunyamaza

Kuna kitu tumeambiwa mpaka tukakubali: wapenzi wa kwenye TV wakishaambiana ukweli, stori imekufa. Ndio maana tunavutwa misimu minne tukingoja watu wawili ambao kila mtu, hadi soja wa geti, anajua wanapendana.

Hiyo sheria ilitoka wapi? Sehemu kubwa inatoka Marekani, Machi 1987.

Stesheni ya ABC ilikuwa na tamthilia inaitwa Moonlighting, iliyoanza Machi 1985. Maddie Hayes, aliyeigizwa na Cybill Shepherd, ni mwanamitindo wa zamani ambaye mhasibu wake amehepa na pesa zake. Amebaki na kiofisi cha upelelezi, na ndani yake kuna msee mmoja wa mdomo mingi, David Addison. Huyo ni Bruce Willis, kabla jina lake livume. Wanagombana, wanafungiana milango kwa kishindo, wanapendana, na hakuna anayesema. Miaka miwili hivyo.

Kisha waandishi wakaleta mtu wa tatu, Sam, aliyeigizwa na Mark Harmon. Mpole, ametulia, na anamtaka Maddie bila kuzungukazunguka. Sasa hapa ndio uelewe kazi ya mtu wa tatu kwenye hizi stori. Sam hakuletwa ndio tumpende. Aliletwa amwambie David kwamba muda wa kunyamaza umeisha. Machi 31, 1987, David na Maddie wakalala pamoja, na Marekani ilikuwa imekaa mbele ya TV ikiwangoja.

Baadaye watazamaji wakapungua, na Mei 1989 tamthilia ikafungwa. Watu wa Hollywood wakajifunza somo moja: usiwahi kuwaunganisha. Mpaka wakaipa jina, laana ya Moonlighting.

Lakini hebu tuangalie kalenda. Shepherd alikuwa na mimba ya mapacha, akajifungua Oktoba 1987. Willis naye alienda kuigiza Die Hard, iliyotoka 1988. Kwa hivyo waandishi wakampeleka Maddie kwa wazazi wake Chicago, na wale wawili tuliokuwa tunawafuata wakaacha kukaa chumba kimoja. Maddie akarudi akiwa ameolewa na jamaa aliyekutana naye kwenye treni. Kwenye treni, manze! Juu ya hayo, waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Machi hadi Agosti 1988, na Glenn Gordon Caron, aliyeibuni hiyo stori, akaondoka. Hata kabla ya hapo ilikuwa inachelewa, marudio yakijaza mahali pa vipindi vipya.

Sasa niambie, kilichoua Moonlighting ni mapenzi kusemwa? Hao watu hawakupewa hata nafasi ya kupendana. Waliachanishwa siku tu walipoanza.

Rudi nyuma siku nane. Machi 23, 1987, CBS ilianzisha The Bold and the Beautiful. Hiyo muulize mathe. Ilifika hadi kwetu Kenya miaka ya 90, wakati stesheni zilikuwa za kuhesabu. Brooke anampenda Ridge, Ridge ana Taylor, Taylor anadhaniwa amekufa kisha anarudi, na si mara moja. Brooke aliolewa hadi na Eric, mzee aliyemlea Ridge kama mwanawe.

Na hao hawanyamazi! Wanaambiana kila kitu, wanaoana, wanaachana, wanaoana tena. Kama laana ingekuwa ya ukweli, hiyo tamthilia ingekufa mwaka wa kwanza. Badala yake imepita miaka 35.

Lakini ukiangalia vizuri, ile pembetatu haifungwi kabisa, na sababu yake ni biashara. Tamthilia za mchana zilianzia redioni miaka ya 1930, zikilipiwa na kampuni za sabuni kama Procter & Gamble. Ndio zikapata jina la sabuni mpaka leo. Aliyekuwa anafua nyumbani alipaswa kurudi kesho kusikiliza, na tangazo limpate hapo. Irna Phillips ndiye aliyejenga huo mtindo redioni, na William J. Bell, aliyeanzisha The Bold and the Beautiful pamoja na mke wake Lee Phillip Bell, alikuwa mwanafunzi wake. Jibu likitoka leo, sabuni ya kesho itauziwa nani?

Kwa hivyo ile tunaita mvutano, ile ya kuangaliana bila kusema, ni njia ya kumrudisha mteja. Hakuna mahali imewahi kuthibitishwa kwamba mapenzi yenyewe yanafanya kazi hivyo.

Naandika hivi kwa sababu mimi niliamini. Chuoni kulikuwa na dem tulikuwa tunakaa naye kwenye ngazi za hosteli tukibonga hadi usiku. Kulikuwa na jamaa mwingine pia, na huyo alikuwa ameshasema. Mimi nikaona niko sawa, eti stori inajengeka, mimi ndio yule watu wanamngojea. Karo ikaisha, nikaacha masomo, nikarudi nyumbani bila kumwambia kitu. Kichwani nilikuwa nangoja msimu wa pili.

Miezi baadaye nikamwandikia meseji ndefu, nikamwaga kila kitu. Akajibu maneno mawili: "Ningejuaje sasa?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. David Addison alikuwa na waandishi wa kumletea Sam, na watazamaji mamilioni waliojua kilichokuwa moyoni mwake. Wewe huna hao wote. Yule mtu unayemnyamazia anaona tu kimya chako, na ana haki ya kukiamini.