Boma la Iringa: Jengo Moja, Wenyeji Wengi

Mtu akisema amefunga ndoa ya bomani, sote tunaelewa: ndoa ya serikali. Neno boma, yaani uzio au ngome, lilibadilika maana wakati wa ukoloni likawa jina la ofisi ya mtawala. Katika makala hii tunaeleza habari za boma la zamani la Iringa na waliolishika.

Jina lilitoka Kalenga

Iringa ni jina lililotokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, makao ya Mtwa Mkwawa, umbali wa kilomita kama 15 kutoka mjini. Oktoba 1894 Wajerumani waliipiga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa aliponyoka, akaendelea kupigana hadi Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe. Kufikia hapo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanzisha kituo kipya juu ya kilima. Jina la ngome likahamia huko, na kituo hicho ndicho mji wa leo.

Kutoka hospitali hadi makumbusho

Boma lilijengwa enzi za Wajerumani, likiwa hospitali ya jeshi. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji, na baadaye jengo likawa ofisi ya utawala wao. Baada ya Uhuru mwaka 1961 likabaki mikononi mwa serikali, likitumika kama ofisi. Mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni cha mkoa, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya askari wa mkoloni sasa vinaonyesha historia ya wenyeji.

Kwa nini tulijali

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Wajerumani walifika Iringa baada ya hapo, na mji wa Mbeya ulikua miaka ya 1920 na 1930, enzi za dhahabu ya Lupa. Kwa hiyo majengo ya kikoloni ya miji yetu hii miwili hayana kinga hiyo. Jengo la namna hiyo hulindwa pale tu waziri anapolitangaza rasmi.

Boma la Iringa limesalimika kwa sababu lilipewa kazi mpya. Nyumba ya zamani isiyo na kazi huvuja, huota nyufa, kisha huonekana haina thamani kuliko kiwanja chake. Kabla ya kuivunja, tuulize kwanza inaweza kutufanyia kazi gani.