Kodi ya Moshi: Bomba Moja Lilivyounguza Kijiji Kizima

Hebu fikiria mtoza kodi anabisha hodi kwako, anaingia mpaka ndani, anaanza kuhesabu: una meko mangapi humu? Uingereza ilikuwa na kodi ya namna hiyo kuanzia 1662 hadi 1689. Mfalme Charles wa Pili alihitaji fedha, na Bunge likaona njia nyepesi ya kukisia uwezo wa mtu ni kuhesabu meko ya nyumba yake. Kila meko yalitozwa shilingi 2 kwa mwaka. Maskini walisamehewa, lakini waliobaki waliichukia kweli kweli. Wengine waliziba meko yao kabla mkaguzi hajafika.

Sasa twende kijiji cha Churchill, mkoa wa Oxfordshire. Tarehe 31 Julai 1684 moto ulilipuka hapo, ukaua watu wanne na kuteketeza nyumba 20. Chanzo kinachotajwa mpaka leo ni mwokaji mikate mmoja, mwanamke, aliyetaka kukwepa kodi. Badala ya kuwa na bomba lake la moshi, alitoboa ukuta na kuelekeza moshi wa tanuri lake kwenye bomba la jirani. Kijiji kilijengwa upya juu zaidi mlimani, safari hii kwa mawe.

Unaweza kujiuliza: kwani tundu la ukutani lina ubaya gani, si moshi tu unapita? Hapana. Moshi wa kuni hubeba cheche, na pia hubeba mvuke wa lami ambao haukuungua. Mvuke huo ukikuta ukuta wa bomba umepoa, unaganda na kuwa masizi mazito, meusi, yanayonata. Masizi hayo ni kuni nyingine kabisa. Yakishika moto, joto ndani ya bomba linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Zungushia hapo mbao na paa la nyasi, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za vijijini Uingereza enzi hizo, halafu malizia mwenyewe.

Na Waingereza walikuwa wameshaonywa. Miaka 18 kabla ya hapo, Septemba 1666, moto ulioanzia kwenye duka la mikate la Thomas Farriner huko Pudding Lane uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000 za London. Mwaka uliofuata sheria ikaagiza nyumba mpya za mji huo zijengwe kwa matofali au mawe. Tatizo ni kwamba sheria ya London haikufika Churchill, ila kodi ilifika.

Kwa nini nakuletea habari za miaka 300 iliyopita? Kwa sababu tanuri la kuni la nje limekuwa fasheni, la piza na la mikate, na ukanda wetu wa pwani mara nyingi hujengwa chini ya banda la makuti. Makuti na nyasi za Churchill, mbele ya cheche, ni ndugu.

Kwa hiyo ukimwita fundi, zungumza naye haya mapema. Kwanza, bomba likae mbele, juu ya mdomo wa tanuri, lisikae katikati ya kuba. Hewa baridi huingia kwa chini, moshi hutambaa kwenye dari na kutokea mdomoni. Ukitoboa kuba katikati, joto la kuokea linapaa lote. Pili, bomba liende wima na liwe refu. Hewa yenye nyuzi 300 ina uzito wa karibu nusu tu ya hewa ya kawaida, ndiyo maana inapanda, na kila kona inaipunguzia kasi. Tatu, epuka bati la mabati. Zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na moshi wake ni sumu. Tumia chuma kisichoshika kutu. Nne, pale bomba linapopita kwenye paa, liwe la kuta mbili lenye kizuizi cha joto katikati, na lisiguse mbao wala makuti. Kanuni inayotumika Marekani ni litokeze angalau sentimita 90 juu ya paa, na lizidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Kama paa ni la makuti, ushauri wangu ni mmoja: hamisha tanuri.

Weka wavu wa kuzuia cheche kileleni, choma kuni kavu, na usafishe masizi kabla hayajawa mazito. Na kila tanuri liwe na bomba lake. Bomba zima lina gharama, sikatai. Ila hata zile shilingi 2 za Churchill, mwishowe waliozilipa ni majirani.