Kibaba, Rupia na Jedwali: Jinsi Watoto Wetu Walivyofundishwa Hesabu



Wapendwa wanaparokia, kuna lalamiko ambalo wazazi hulirudia mara kwa mara: kwamba watoto wa siku hizi hawajui hesabu kwa sababu shule zimeacha kuwakaririsha jedwali la kuzidisha. Zamani, husema, mtoto wa darasa la tatu aliweza kuamshwa usiku wa manane akaulizwa saba mara nane, naye akajibu hamsini na sita kabla hajafikicha macho. Nimeona vema juma hili tulitazame lalamiko hilo kwa jicho la historia. Lina ukweli ndani yake. Lakini linasahau jambo kubwa, nalo ni hili: katika kila mbinu iliyoletwa, ya zamani na ya sasa, mtoto alifika shuleni akiwa tayari na hesabu yake kichwani, na karibu kila mara hesabu hiyo iliachwa nje ya mlango.

Tuanze pwani, kabla ya shule za misheni na za serikali. Waswahili wa kale walihesabu kwa miongo. Ishirini ilikuwa mirongo miwili, na tisa iliitwa kenda, neno ambalo wazee wengi wangali nalo. Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo husema makumi mawili hadi leo. Maneno kama sita, saba, tisa, ishirini na mia tuliyapata kwa Waarabu pamoja na biashara. Kwa njia ya sheria ya mirathi ya Kiislamu, watu wa pwani walizoea sehemu zenye majina yake kamili: nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumni. Hatuna budi kukiri deni hilo kwa majirani zetu Waislamu, maana mtoto wa Kikristo anapojifunza robo na nusu shuleni anatumia lugha ambayo wao waliizoea kabla yake.

Sokoni nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Tazameni mpango huo: kila ngazi ni maradufu ya ile iliyo chini yake. Fedha nayo ilikwenda hivyo hivyo. Rupia ya Kihindi, iliyotumika sana katika pwani yetu, iligawanywa katika paisa 64, na kutokana na neno hilo tumepata neno letu pesa. Rupia iliyotolewa na Wajerumani tangu mwaka 1890 ilikuwa nayo na pesa 64. Nusu ya rupia ni pesa 32, robo ni 16, thumni ni 8, na ukiendelea kukata katikati utafika kwenye pesa moja bila kubakiza kitu. Mama aliyeuza samaki hakuhitaji kalamu; alihitaji kujua kukata katikati tu.

Mwaka 1904 Wajerumani waliondoa pesa 64 wakaweka heller 100 katika rupia. Jaribuni sasa kukata: nusu ni 50, robo ni 25, na thumni ni 12 na nusu. Hesabu ya sokoni ikavunjika hapo. Sisemi kwamba walikosea, kwa kuwa mfumo wa mia ni mwepesi mno kwa mtu anayeandika safu za tarakimu katika daftari. Ila neno lenyewe linatuonyesha ni nani aliyefikiriwa: mtu wa daftari. Shule ya serikali iliyofunguliwa Tanga mwaka 1892 ilikusudiwa kutoa makarani na watumishi wa utawala, na baada ya kodi ya nyumba kuanza kutozwa mwaka 1898 walihitajika watu wa kuandika nani amelipa na nani hajalipa. Hesabu ya shule ikawa hesabu ya karani. Waingereza walileta shilingi ya senti 100 mwaka 1921, lakini pamoja nayo wakaleta inchi 12 katika futi, futi 3 katika yadi na wakia 16 katika ratili, mambo ambayo hakuna mtoto wa kijijini aliyewahi kuyaona nyumbani kwao.

Na sisi Kanisa? Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawafundisha watoto waliokombolewa utumwani kusoma, kuandika, kuhesabu na ufundi wa mikono. Lakini watoto wengi zaidi walipita katika shule ndogo za vijijini zilizoshikwa na makatekista. Humo somo kuu lilikuwa dini, na njia ilikuwa ile ya katekisimu: swali, jibu, na wote kwa sauti moja. Hesabu ilikuwa kidogo, nayo ilifuata mtindo huo huo. (Kitabu cha nne cha Biblia chenyewe kinaitwa Hesabu katika Kiswahili chetu, na nadhani ndiyo sababu wengi hukiruka.) Tusiwadharau makatekista hao. Mtu mmoja, watoto wengi wa umri mbalimbali, hakuna vitabu, karatasi ni ghali, na kilichoandikwa kwenye kibao hufutwa ili kuandika kingine. Katika hali hiyo kumbukumbu ndiyo daftari pekee lisilofutika. Kukariri hakukutokana na ujinga wa walimu, kulitokana na umaskini wa shule.

Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924 ilishauri kwamba elimu ifungwe na maisha ya watu: afya, kilimo, kazi za nyumbani. Serikali ikaanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango. Mwaka 1928 mjumbe wa Baba Mtakatifu, Arthur Hinsley, ambaye baadaye alikuwa Kardinali wa Westminster, alikutana na maaskofu Dar es Salaam akawaambia kwamba pale isipowezekana kufanya uinjilishaji na elimu kwa pamoja, wayaache makanisa ili wazikamilishe shule. Neno zito hilo kwa wamisionari! Matunda yake tunayajua, maana viongozi wengi wa taifa walitoka katika shule hizo. Hata hivyo, shule iliyotegemea ruzuku ilipaswa kumridhisha mkaguzi, na mkaguzi alitaka majibu yaliyo sahihi ubaoni. Pishi na kibaba havikuwa na nafasi.

Kisha yakaja mapinduzi kutoka mbali. Warusi walirusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ikashtuka, na wataalamu wake wakaamua kwamba watoto hawafundishwi hisabati ipasavyo. Badala ya kukariri, waelewe misingi: seti, seti tupu, kuhesabu kwa vizio vingine visivyo kumi. Mwaka 1962 wataalamu wa Kimarekani, Kiingereza na Kiafrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya namna hiyo kwa ajili ya nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza. Vitabu hivyo vilijulikana kwa jina la mji huo. Nia ilikuwa njema, na fikra zenyewe zilikuwa nzuri. Lakini walimu wengi hawakuwahi kujifunza seti wenyewe, wazazi hawakuelewa kilichomo katika madaftari ya watoto wao, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya iliachana na hisabati hiyo mpya. Walimu walioambiwa wafundishe ufahamu bila kupewa ufahamu walifanya walichoweza: waliwakaririsha watoto maana ya seti.

Mradi huo ulizaa tunda moja ambalo halikutarajiwa. Mwaka 1964 mwanasaikolojia kijana, Michael Cole, alipelekwa Liberia kuchunguza kwa nini watoto wa Kikpelle walishindwa hisabati. Huko alishirikiana na John Gay, mwalimu katika Chuo cha Cuttington, na mwaka 1967 walichapisha kitabu juu ya waliyoyaona. Waliwaonyesha watu wazima wa Kikpelle mchele ndani ya chombo na kuwauliza una vikombe vingapi. Waliwauliza pia Wamarekani waliosoma vyuoni. Wakpelle, wakulima wa mpunga, walikadiria kwa usahihi mkubwa, na Wamarekani wakakosea vibaya. Watu walioitwa dhaifu katika hisabati waliwashinda wasomi, mradi tu swali liwe la mchele.

Ushuhuda ulio wazi zaidi ulitoka Recife, Brazil, jimbo lililoongozwa na Askofu Mkuu Helder Camara hadi mwaka 1985. Mwaka huo huo watafiti watatu, Terezinha na David Carraher pamoja na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto watano waliouza bidhaa mitaani. Walijifanya wanunuzi, wakauliza bei. Katika hesabu za mtaani watoto walipata asilimia 98. Hesabu zizo hizo zilipoandikwa kwa tarakimu tupu, walipata asilimia 37. Mvulana mmoja wa miaka 12 aliuza nazi kwa 35 kila moja. Alipoulizwa bei ya nazi nne, alianza na 105 ya nazi tatu, akaongeza 30, kisha 5 iliyobaki: 140. Baadaye akapewa karatasi iliyoandikwa 35 mara 4. Akafuata kanuni aliyofundishwa, akaichanganya, akaandika 200. Mtaani asingekubali kamwe kumdai mteja 200, lakini mbele ya karatasi hakushtuka, kwa kuwa hakuona kwamba zilikuwa nazi zile zile.

Nchini Tanzania, tamko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 lilitaka shule iwe sehemu ya kijiji, na mwaka huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Faida ya hatua hiyo kwa hesabu ilikuwa kubwa mno. Mtoto aliweza kuulizwa fumbo la hesabu kwa lugha ya mama yake au iliyo jirani nayo. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza watoto wote waingie shule ifikapo Novemba 1977. Walimu hawakutosha, ikabidi maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waandaliwe kazini, kwa masomo ya posta na redio. Ulikuwa uamuzi wa haki, na sipendi kusikia ukibezwa na watu ambao wazazi wao waliingia darasani kwa sababu ya uamuzi huo. Lakini kijana aliyetoka kumaliza darasa la saba, mbele ya watoto wengi kupita kiasi, alirudi kulekule kwa katekista wa zamani: sauti moja, jedwali, fimbo.

Tangu mwaka 2010 vipimo vya Uwezo vilivyofanyika majumbani vimeonyesha kwamba watoto wengi hupanda madarasa bila kumudu hesabu za darasa la pili. Mtaala wa mwaka 2015 ukarudisha mkazo kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu katika madarasa mawili ya kwanza, pamoja na vijiti, mawe na vizibo vya soda. Nimefurahi kuona vizibo. Hata hivyo, kizibo ni tarakimu nyingine tu kama mwalimu hamuulizi mtoto jinsi mama yake anavyopanga mafungu ya nyanya sokoni, na chenji anayorudisha anaipataje.

Nirudi kwa wazazi na jedwali lao. Jedwali likaririwe, sipingi. Anayelazimika kufikiri upya saba mara nane kila inapotokea atachoka kabla ya kufika mwisho wa swali. Lakini siku atakapolisahau, kama wote tunavyosahau, aliyekariri tu hana pa kushika. Aliyefundishwa kuongeza maradufu atasema 7, 14, 28, 56. Ndivyo bibi zetu walivyopanda kutoka kibaba hadi kisaga, na kutoka kisaga hadi pishi.