Macho ya Ng'ombe wa Kihambani

Juma lililopita tulizungumza habari za mifongo, yaani mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee wa Kilimanjaro. Leo tungali mlimani, lakini twaingia ndani ya nyumba, tupate kumtazama ng'ombe machoni. Ng'ombe mmoja bandani ndiye maziwa ya watoto, ndiye mbolea ya migomba na kahawa, na mara nyingi ndiye ada ya shule. Basi akianza kutokwa na machozi, na jicho likaingia weupe, mwenye mji huwaza mambo mawili: amwite mchinjaji, ama amwite Bwana Mifugo. Tutaona jinsi historia iwezavyo kumsaidia kuchagua.

Kwanza tujiulize, kwa nini ng'ombe wa Mchagga alikaa ndani? Sababu moja ni ardhi. Kati ya msitu wa juu na tambarare ya chini nchi ilijaa vihamba, na malisho hayakuwapo. Sababu nyingine ni vita. Katika karne ya 19 mangi alimpiga mangi mwenzake, na nyara iliyotakiwa kwanza ilikuwa ng'ombe. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na nguvu nyingi kwa vita hivyo, mpaka aliposhindwa na jeshi la Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann mwezi wa Februari 1891. Mahali pengine watu walichimba mapango chini ya ardhi, wakajificha humo pamoja na mifugo yao. Kwa hiyo ng'ombe alilala nyumba moja na watu: yeye upande wake, wao upande wao, na moto ukiwaka humo humo.

Kazi ya kumlisha ilikuwa hasa ya wanawake. Walishuka tambarare kukata majani, wakapanda tena mlima na mzigo kichwani. Nyumbani waliongeza majani ya mgomba na shina lake lililokatwakatwa. Ukisoma vitabu vya historia ya Kilimanjaro utakuta kurasa nyingi za wamangi, na nyingine nyingi za kahawa na chama cha K.N.C.U. kilichoanzishwa mwaka 1933. Lakini mzigo huu wa majani hupewa mistari michache tu. Mimi naona ulistahili sura nzima, na baadaye mtaona kwamba hata macho ya ng'ombe yaliutegemea.

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe. Machozi ya ng'ombe yalianza kuwatisha watu sana wakati wa sotoka. Maradhi hayo yaliingia pembe ya Afrika mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitalia, yakashuka kusini, na kufika nchi zetu mwaka 1890 na 1891. Ng'ombe alishikwa na homa, macho na pua vikatoka maji kisha usaha, kinywa kikafanya vidonda, akaharisha, na baada ya siku chache akafa. Wamasai wa tambarare walipoteza karibu mifugo yao yote. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu wamebaki mifupa kwa njaa. Mzee aliyeyaona hayo, hata miaka thelathini baadaye, asingeweza kuona jicho la ng'ombe linatoka machozi akatulia. Leo hofu hiyo moja tumeondolewa. Chanjo nzuri ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote.

Plowright huyo huyo alitufumbulia fumbo la pili. Wamasai walijua tangu zamani kwamba nyumbu wanapozaa, ng'ombe wapaswa kuondolewa katika malisho hayo hata kama majani ni mazuri. Wasiofuata waliona ng'ombe wakiingia homa kali, wakitoka makamasi mazito, na macho yote mawili yakifunga ukungu hadi upofu, kisha wakafa. Mwaka 1960 Plowright na wenzake wawili walieleza kwamba virusi vya maradhi hayo hukaa ndani ya nyumbu bila kumdhuru, na kwamba ndama wa nyumbu ndiye mwenye kuvitawanya. Wachungaji, basi, walikuwa wamesema kweli muda wote. Mtu wa Machame au Rombo atasema hana nyumbu kihambani. Ni kweli, lakini huenda alinunua mtamba kutoka tambarare, na maradhi haya yaweza kulala mwilini majuma mengi kabla ya kujitokeza. Ng'ombe mgonjwa hamwambukizi ng'ombe mwenzake, lakini yeye mwenyewe ni nadra kupona.

Maradhi ya tatu ndiyo ya kawaida kuliko yote, na watu huyaita tu ugonjwa wa macho. Haya hayaui. Yaletwa na kijidudu kidogo kiitwacho Moraxella bovis, ambacho watafiti wawili wa Marekani, F. S. Jones na R. B. Little, walikieleza mwaka 1923. Nzi hukichukua kutoka jicho hili hadi jicho lile. Jua kali, vumbi, na ncha za mabua makavu hulikwaruza jicho na kukifungulia mlango. Ndama hushikwa kuliko wakubwa. Ng'ombe wa asili mwenye nundu hustahimili zaidi. Ng'ombe wa maziwa wenye asili ya Ulaya, ambao siku hizi ni wengi katika mabanda ya mlimani, hupata taabu zaidi, hasa wale wenye weupe kuzunguka macho.

Yafaa mfanyakazi wa bandani ajue kuyatenga haya mawili. Katika ugonjwa wa macho wa kawaida, mara nyingi jicho moja huanza. Ng'ombe hulifumba akikimbia mwanga, shavu likalowa machozi, na doa jeupe likatokea katikati ya kioo cha jicho. Katika ugonjwa wa nyumbu ukungu huanza pembeni mwa kioo ukiingia katikati, tena macho yote mawili, na ng'ombe ana homa, hali chakula.

Yuko pia ng'ombe ambaye macho yake ni safi kabisa, lakini jua likizama hujikwaa na kugonga nguzo. Hapa twahitaji kwenda mbali kidogo, hadi jimbo la Wisconsin, Marekani. Kuanzia mwaka 1907 wataalamu wa huko waliwagawa mitamba 16 katika makundi manne: moja likala mahindi tu, moja ngano tu, moja shayiri ya farasi, na moja mchanganyiko. Waliokula mahindi walinawiri. Waliokula ngano walikonda, wengine wakapofuka, na ndama wao walizaliwa wafu. Hakuna aliyejua kwa nini, mpaka mwaka 1913 mmoja wao, E. V. McCollum, pamoja na Marguerite Davis, alipotambua kitu ambacho leo twakiita vitamini A. Mwili wa ng'ombe huitengeneza kutokana na rangi iliyomo katika majani mabichi na mahindi ya njano.

Sikilizeni vizuri hapo: mahindi ya njano. Mahindi yetu ni meupe, hayana rangi hiyo, na bua lililokauka miezi kadhaa limekwisha kuipoteza. Ng'ombe aliyelishwa mabua na pumba kiangazi chote aweza kupofuka huku tumbo limejaa. Jani bichi la mgomba analo lile alitakalo, na mabingobingo mabichi pia. Yule mama aliyepanda mlima na mzigo wake hakusikia neno vitamini, lakini alikuwa akiyalisha macho ya ng'ombe wake kila jioni.

Haya, tuseme jicho limeugua. Wako wachungaji waliotafuna tumbaku wakaitemea jichoni, na wengine walitia chumvi kavu. Siwacheki, kwa maana hawakuwa na dawa nyingine; lakini kidonda kilichomo jichoni huchomeka zaidi kwa vitu hivyo. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zilianza kupatikana baada ya mwaka 1948, na hizo hukiua kijidudu hiki vizuri. Mwite Bwana Mifugo mapema, kabla doa halijawa shimo. Usichukue kiholela dawa ya macho iliyobaki nyumbani, maana ziko zenye kupunguza uvimbe ambazo hulitoboa jicho lenye kidonda. Maziwa ya siku za dawa yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie. Wakati huo mtenge mgonjwa, mweke kivulini, safisha tongotongo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na unawe mikono kabla hujamshika mwingine. Samadi iondolewe kila siku ipelekwe migombani. Humo ndimo nzi wanamozaliana. Kile kiza cha nyumba ya zamani kilimfaa ng'ombe mwenye jicho bovu, ingawa moshi wake haukumfaa. Wengi hupona kwa majuma machache, na kovu jeupe hubaki.

Na akipofuka kabisa? Huku tambarare, ng'ombe kipofu hana maisha: haoni njia ya maji, kundi humwacha, na fisi humpata. Kihambani ni habari nyingine. Hori liko pale pale, maji huletwa, na hana safari. Ng'ombe aliyepofushwa na ugonjwa wa macho aweza kuendelea kukamwa na kuzaa ndama wenye macho mazima, kwa kuwa upofu huo haurithiwi. Hori na ndoo zisihamishwe, sakafu isiwe na mashimo, na mtu aseme neno kabla ya kumgusa. Kumpeleka machinjioni siku ile ile jicho lilipoingia weupe ni kutupa maziwa ya miaka, na wachuuzi wa nyama wanaijua sana haraka hiyo.

Zamani jambo hili liligusa nyumba mbili. Tajiri hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Aliwagawa kwa watu wengine wamfugie, ili vita au maradhi visiwamalize kwa siku moja. Mfugaji alipata maziwa na samadi, lakini ng'ombe alibaki wa mwenyewe. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyeandika kitabu kikubwa cha sheria za Wachagga mwaka 1926, alizieleza desturi hizi kwa urefu. Hata leo wako wanaofuga ng'ombe wa mtu mwingine, au mtamba wa mkopo ambao hulipwa kwa kutoa ndama. Basi viongozi wa vikundi vya wasikilizaji, mkizima redio ulizaneni: ng'ombe wa namna hiyo akipofuka mikononi mwa mlishaji, naye angali akitoa maziwa, nani aamue kama achinjwe?