Saa za kazi na ujira (Tanzania Bara)

Saa za kazi na ujira Tanzania Bara ni haki za mfanyakazi zinazolindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005.

Muda wa kazi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo hupewa mapumziko ya angalau dakika 60. Wasimamizi wanaowajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawabanwi na masharti haya.

Saa za ziada. Hufanywa kwa makubaliano, zisipite 50 katika wiki 4, na siku nzima ya kazi isivuke saa 12. Malipo yake ni angalau mara 1.5 ya mshahara wa msingi. Kazi ya sikukuu au siku ya mapumziko hulipwa mara mbili. Kila saa ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5.

Ujira. Hulipwa siku iliyokubaliwa, pamoja na maelezo ya maandishi ya makato. Makato ya fidia ya hasara hayaruhusiwi kuzidi robo ya ujira.

Migogoro. Mfanyakazi aliyedhulumiwa hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoanza kwa usuluhishi.