Ng'ambo ya Nani?

Mtu wa Unguja akitoka Mji Mkongwe, akavuka barabara pale Darajani, husema anakwenda Ng'ambo. Zamani palikuwa na mkono wa bahari na daraja juu yake. Maji yamefukiwa, watu wanavuka lami, na jina ni lile lile. Neno ng'ambo huonyesha kwanza aliposimama msemaji.

Nalikumbuka kila ninapofasiri habari za Saint Helena, kisiwa cha kilomita za mraba 121 katika Atlantiki ya Kusini, chenye watu elfu nne na ushei. Sheria ya Uingereza ilikiita koloni. Kuanzia 1983 kikawa eneo tegemezi. Mwaka 2002 kikaitwa eneo la ng'ambo, na wenyeji wakarudishiwa uraia kamili waliovuliwa na sheria ile ile iliyowaita tegemezi.

Hilo tegemezi linaniuma. Kwetu mtegemezi ni yule anayelishwa: mtoto, mzee, mgonjwa. Ni kweli, bajeti ya Saint Helena haitimii bila fedha za London. Lakini kwa karne mbili meli zitokazo India ndizo zilizokitegemea kisiwa hiki kwa maji na mboga, hadi Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 zikapita kwingine. Baadaye wenyeji wakalima mmea wa majani marefu yenye nyuzi, mfano wa mkonge wetu, na Posta ya Uingereza ikazitumia nyuzi hizo kwa mifuko ya barua. Posta ilipohamia nyuzi za viwandani, kilimo kikafa. Ilipofika 1966 vinu vilikuwa vimefungwa. Mkulima aliyeachwa na mnunuzi wake wa mbali ana jina lake, nalo si tegemezi.

Kwa hiyo naandika ng'ambo, ila kwa hadhari. Ukisema "eneo la ng'ambo ya Uingereza", umesema tu lipo upande wa pili wa Uingereza, hata Ufaransa inaingia humo. Sema "eneo la Uingereza la ng'ambo". Mpangilio wa maneno unahamisha umiliki.

Serikali ya Saint Helena inanipa raha zaidi. Gavana huletwa kutoka London, madiwani 12 huchaguliwa na wenyeji, na tangu 2021 mmoja wao huongoza mawaziri. Cheo chake sikukibuni: ni Waziri Kiongozi, tuliyekuwa naye Zanzibar hadi 2010.

Na kuna Mzanzibari aliyeijua ng'ambo ile kwa mwili wake. Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti cha usultani siku mbili tu, Agosti 1896, kabla mizinga ya Waingereza haijalipiga jumba. Akakimbilia kwa Wajerumani, akaishi Dar es Salaam, na Waingereza walipomkamata katika Vita Kuu wakampeleka hadi Saint Helena. Mwishowe aliruhusiwa kurudi pwani yetu, akafia Mombasa mwaka 1927. Alipokuwa kule Atlantiki, ng'ambo ilikuwa Unguja.