Mbwa wa Stanley na mbwa wako

Mwaka 1874 Stanley alianza safari yake ya Bagamoyo kuja bara na mbwa watano kutoka Uingereza. Wote walifia njiani. Bull, aliyewashinda wenzake kwa uvumilivu, alifika hadi Unyamwezi kwetu, akafa 1876.

Leo namkuta mfanyabiashara kanunua mbwa wa aina ya polisi, kamfunga mnyororo dukani mchana kutwa, juani. Jamani! Huyo kazaliwa kwa kazi. Asipotembezwa huwa mkali, na akimng'ata mtoto wa jirani, mwenye kujibu ni wewe. Mpe kivuli na maji, mtembeze alfajiri, mchanje kichaa cha mbwa kila mwaka. Akikonda na macho yakaingia ukungu, tuite mapema. Huenda ni nagana, ugonjwa wa mbung'o.